Makao ya Msaidizi: Zana za Akili Mnemba katika Kompyuta ya Mwandishi wa Programu

Kusakinisha programu, yaani kuinakili katika diski ya kompyuta na kuiandaa ili ifanye kazi, kwa muda mrefu kulimaanisha kwamba kilichosakinishwa kilifanya kazi palepale kilipowekwa. Historia ya zana zinazomsaidia mtu kutunga msimbo, ambao ni maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta, inaonyesha jinsi maana hiyo ilivyopotea na jinsi ilivyorudi, tena ndani ya miaka michache tu.

Wazo la msaidizi wa aina hiyo ni kongwe kuliko inavyodhaniwa. Warren Teitelman, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1966 katika chuo cha MIT nchini Marekani ilihusu ushirikiano wa mtu na mashine, aliingiza katika mazingira ya lugha ya Lisp kifaa kilichoitwa DWIM, kifupi cha maneno yenye maana ya "fanya ninachokusudia", ambacho kilisahihisha makosa ya tahajia pale programu ilipokwama. Wakosoaji walitania kwamba kilielewa makusudi ya Teitelman kuliko ya mtu mwingine yeyote, na utani huo haukukosa msingi, kwani kilifuata kanuni zilizotungwa na binadamu, wala hakikujifunza lolote kutokana na msimbo wa watu wengi.

Mwaka 2018 Jacob Jackson, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, alitoa zana ya TabNine, na mwaka uliofuata ikapewa nguvu ya GPT-2, ambayo ni modeli ya lugha, yaani mfumo wa hesabu uliofunzwa kubashiri neno linalofuata. Hata hivyo, ni GitHub Copilot, iliyotangazwa Juni 2021, iliyoigeuza kabisa maana ya kusakinisha. Kilichowekwa katika kihariri cha mtumiaji, yaani programu anayoandikia msimbo, kilikuwa kiambatisho kidogo tu, ilhali modeli yenyewe ilibaki katika seva za mbali, ikipokea vipande vya msimbo na kurudisha mapendekezo. Usanidi, yaani kuipangia zana namna ya kufanya kazi, ulikaribia kuwa suala la kufungua akaunti na, kuanzia Juni 2022, kulipa dola 10 kwa mwezi. Wepesi huo ulimfunga mtumiaji kwenye mtandao: nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari Mei 2024, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwingineko Afrika Mashariki, msaidizi wa mbali hakuwa na njia ya uhakika ya kufikiwa.

Kurudi kwa maana ya awali kulianza kwa tukio lisilopangwa. Februari 2023 kampuni ya Meta iliwapa watafiti modeli ya LLaMA, na muda mfupi baadaye vigezo vyake, yaani namba zinazobeba yale ambayo modeli imejifunza, vikavuja mtandaoni. Mwezi Machi, Georgi Gerganov wa Bulgaria alitoa llama.cpp, programu iliyoiendesha modeli hiyo katika kompyuta ya kawaida ya mkononi. Siri yake kubwa ilikuwa kupunguza usahihi wa kila namba: vigezo bilioni 7, vikihifadhiwa kwa biti 16 kila kimoja, huhitaji takriban gigabaiti 14 za kumbukumbu, lakini kwa biti 4 hutosha gigabaiti 3.5 na ziada kidogo. Agosti mwaka huohuo ikaja Code Llama, modeli iliyofunzwa mahususi kwa msimbo, kwa ukubwa wa vigezo bilioni 7, 13 na 34.

Programu ya Ollama ilirahisisha usakinishaji wa modeli kama hizo ukawa amri moja, kisha kihariri kikaelekezwa kwenye mlango wa mawasiliano namba 11434 wa kompyuta ileile. Ugumu haukuisha, bali ulihamia katika usanidi. Dirisha la muktadha, ambalo ni kiasi cha maandishi ambacho modeli huweza kukizingatia kwa wakati mmoja, hapo awali liliwekwa kwenye tokeni 2,048, tokeni ikiwa ni neno au kipande cha neno. Faili refu lilikatwa bila onyo, na msaidizi akajibu kwa kujiamini kuhusu msimbo ambao hakuuona wote. Kulipanua dirisha kulikula kumbukumbu ileile iliyohitajiwa na vigezo, hivyo mwenye kompyuta ya gigabaiti 8 alilazimika kuchagua kati ya modeli kubwa inayoona ukurasa mmoja na modeli ndogo inayoona faili zima.