Jaco Pastorius: Gwiji wa besi aliyemfungulia njia Richard Bona

KATIKA bendi nyingi, mpiga gitaa la besi husimama nyuma ya waimbaji, kazi yake ikiwa kushikilia mapigo pamoja na mpiga ngoma. Mmarekani Jaco Pastorius alikataa kufungiwa katika nafasi hiyo, na ukaidi wake ukaja kubadilisha maisha ya kijana wa Kameruni ambaye hawakuwa na nasaba wala lugha moja.

Pastorius alizaliwa Desemba 1, 1951 mjini Norristown, jimbo la Pennsylvania, na kulelewa Fort Lauderdale, Florida. Mwanzoni alipiga ngoma kama babake, lakini alipoumia mkono mchezoni akageukia besi.

Gitaa la besi la kawaida huwa na vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni, ambavyo huonyesha mahali pa kila noti. Pastorius alivuma kwa gitaa lisilo na vyuma hivyo. Vidole vyake viliteleza kutoka noti moja hadi nyingine, na ala hiyo ikatoa sauti inayokaribia uimbaji wa binadamu. Aidha, alikuwa hodari wa kuugusa uzi bila kuukandamiza, mbinu inayotoa mlio mwembamba kama wa kengele.

Mnamo 1976 alitoa albamu ya kwanza iliyobeba jina lake. Katika kibao 'Donna Lee', besi ndiyo inayobeba wimbo mzima huku ikisindikizwa na ngoma za mkono. Katika 'Portrait of Tracy', hakuna ala nyingine inayosikika. Mwaka huo huo alijiunga na Weather Report, bendi iliyoasisiwa na mpiga kinanda Joe Zawinul, mzaliwa wa Austria, na mpiga saksafoni Wayne Shorter.

Richard Bona naye alizaliwa Oktoba 28, 1967 katika kijiji cha Minta, Kameruni. Alianza kupiga balafoni, ala ya mbao iliyo jamii ya marimba, akiwa mtoto mdogo, na kwa kukosa fedha za kununua ala akajitengenezea gitaa kwa vifaa vilivyookotwa. Baada ya kuhamia Douala, mmiliki Mfaransa wa klabu moja ya jazz alimwajiri kuunda bendi, kisha akamfungulia hazina yake ya santuri. Miongoni mwazo ilikuwamo ile albamu ya Pastorius ya 1976. Kijana huyo aliisikiliza, akaamua kuwa mpiga besi.

Mwalimu na mwanafunzi hawakupata kukutana kwa njia hiyo. Pastorius, ambaye alikuwa akisumbuliwa na maradhi ya akili na ulevi, alifariki Septemba 21, 1987 akiwa na umri wa miaka 35, kutokana na majeraha aliyopata alipopigwa nje ya klabu karibu na Fort Lauderdale. Wakati huo Bona, mwenye umri wa miaka 19, alikuwa bado hajaondoka Kameruni.

Miaka miwili baadaye alielekea Ujerumani, kisha Ufaransa, ambako alishirikiana na wasanii kama vile Manu Dibango na Salif Keita. Mnamo 1995 alihamia New York. Haikuchukua muda kabla ya Zawinul, yule yule aliyempokea Pastorius, kumshirikisha katika albamu 'My People' ya 1996. Mpiga gitaa Pat Metheny, ambaye albamu yake ya kwanza mnamo 1976 ilikuwa na besi ya Pastorius, naye alimwalika Bona katika 'Speaking of Now' ya 2002.

Hata hivyo, Bona hakugeuka kivuli cha Pastorius. Tangu albamu yake ya kwanza ya 1999, 'Scenes From My Life', ameimba zaidi kwa Kiduala, akichanganya jazz na midundo ya kwao. Alichokichukua kwa Mmarekani huyo ni ule uhuru wa kuiacha besi iongoze wimbo. Yatokayo kinywani mwake ni ya Kameruni.

Wahenga walinena kwamba mwana hutazama kisogo cha nina. Bona alikitazama kisogo cha mtu asiyemjua kupitia santuri tu, akajifunza mwendo, lakini njia akaichagua mwenyewe.