Seli 32,400 za Mvua Moja: Kuoanisha Ramani za Rasta Kilimanjaro

Anayetaka kuchunguza uhusiano wa mvua na uoto kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro hana tena shida ya data. Mwinuko anaupata kutoka SRTM, iliyopimwa kwa rada Februari 2000. Upande wa pikseli yake ni sekunde moja, yaani sehemu moja ya 3,600 ya digrii, takribani mita 30. Mvua anaipata CHIRPS, kuanzia mwaka 1981, kwa seli za digrii 0.05, kama kilomita 5.5. Aina za uoto zipo WorldCover ya Shirika la Anga la Ulaya, kwa mita 10. Idadi ya watu ipo WorldPop, kwa sekunde tatu. Zote ni bure, na hakuna gridi mbili zinazolingana.

Programu haiwezi kulinganisha matabaka haya seli kwa seli mpaka yalale juu ya gridi moja. Wengi huyashusha yote hadi gridi ndogo, kwa imani kwamba pikseli ndogo ni usahihi zaidi. Ninadai kwamba uamuzi huo, ambao kwenye sehemu ya mbinu hupewa sentensi moja au usipewe hata hiyo, unaweza kuyatawala matokeo kuliko modeli yenyewe.

Tuitazame mvua. Seli moja ya CHIRPS ina upande wa sekunde 180, hivyo ndani yake zinaingia seli 180 kwa 180 za SRTM: 32,400. Ukiishusha hadi kwenye gridi ya mwinuko, kipimo kimoja kimenakiliwa mara 32,400 na hakuna tone jipya lililopimwa. Rigresheni ya kawaida haina habari na hilo. Inahesabu kila nakala kuwa shahidi huru, na kwa kuwa kosa sanifu hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli, linaweza kusinyaa hadi mara 180. Uhusiano dhaifu unatoka umevikwa nyota tatu za umuhimu wa kitakwimu.

Kilimanjaro inalifanya kosa hili kuwa kubwa zaidi. Kutoka Moshi mjini hadi kilele cha Kibo, mita 5,895, ni kama kilomita 30 kwa mstari mnyoofu, na mwinuko unaongezeka kwa takribani mita 5,000. Hizo ni seli tano au sita za CHIRPS, kila moja ikibeba wastani wa mita 900 hivi za kupanda. Nayo mvua ya upande huo haipandi moja kwa moja: inaongezeka hadi ukanda wa msitu, kwenye mita 2,000 na kitu, kisha inapungua kwa kasi kuelekea jangwa la juu. Mkunjo wote huo unategemea namba sita. Kuzilainisha kwa mbinu ya mistari miwili, inayokokotoa thamani kutoka seli nne za jirani, kunaficha viungio tu. Ramani inapendeza, na msomaji anapoteza dalili pekee ya ukubwa halisi wa seli.

Kuna pingamizi la haki hapa. Mvua inaweza kushushwa kwa msaada wa mwinuko, kama WorldClim inavyofanya hadi kilomita moja hivi, na mwinuko kweli una habari ambayo seli kubwa haina. Nakubali, kwa sharti moja. Mvua iliyokadiriwa kwa mwinuko haiwezi kurudishwa katika modeli ili ithibitishe kwamba mvua hufuata mwinuko. Hapo mtafiti anagundua alichokiweka mwenyewe.

Kwa matabaka mengine kosa ni la waziwazi zaidi, na bado linapita. Katika WorldCover, msimbo wa miti ni 10 na wa majengo ni 50. Mpaka wa msitu na mji ukilainishwa kwa wastani, katikati inapatikana 30, ambao ni msimbo wa nyasi: pembeni mwa kila mtaa panaota mbuga. Misimbo inataka jirani wa karibu au aina iliyo nyingi zaidi. Bora kuliko zote ni asilimia ya kila aina ndani ya seli kubwa, kwa sababu kanuni ya wingi humeza vitu vyembamba kama mito. Watu nao wanataka jumla. Seli ya WorldPop ikinakiliwa katika seli tisa za sekunde moja bila kugawanywa, kata yenye watu 9,000 inakuwa na 81,000.

Basi nashauri gridi itokane na swali na kipimo kigumu zaidi kukipata, hapa mvua, na vilivyo vidogo vipandishwe kukifuata. Utaratibu wa kupandisha nao una maana: mteremko ukokotolewe kwanza kwenye mita 30, ndipo uchukuliwe wastani. Ukianza na wastani wa mwinuko, makorongo yote yanasawazishwa na mlima unakuwa mpole kuliko ulivyo. (Ramani za zamani zilizo katika mfumo wa viwianishi wa Arc 1960 zibadilishwe kwenda ule wa WGS84 kabla ya yote; tofauti ya mamia ya mita haitibiwi na mbinu yoyote ya kukokotoa upya.)

Anayehitaji mita 30 kwa sababu ya swali lake, tuseme mmomonyoko kwenye shamba moja moja, asikatazwe. Atumie modeli ya ngazi mbili, seli ndogo zikiwa ndani ya seli ya mvua, ili mvua ihesabiwe mara moja kwa kila seli yake. Kwenye mteremko mmoja makadirio ya athari ya mvua yatatoka na ukingo mpana kiasi cha kutosema lolote. Dawa yake ni kuongeza mvua yenyewe: vipimo vya vituo vya ardhini, au kupanua eneo hadi Meru, Pare na Usambara, ambako kuna seli nyingine za CHIRPS zenye miinuko ya kulinganisha.