Madai ya Usawa: Wanawake na Sheria Tanzania Bara tangu 1955

Ufeministi ni fikra na harakati zinazodai kwamba mtu asinyimwe haki kwa sababu ni mwanamke. Wanaoupinga husema usawa ni jina tu, na kwamba shabaha yake ni kumpandisha mwanamke na kumshusha mwanamume. Wanaoutetea husema hauombi zaidi ya kile ambacho mwanamume tayari anacho. Tanzania Bara ubishi huo unaweza kupimwa kwa maandishi. Tangu miaka ya 1950 madai ya wanawake yamekuwa yakiingia katika siasa, kisha katika sheria na hukumu za mahakama, na sheria hutamka wazi nani amepewa nini na kwa masharti gani.

Ngoma na siasa

Dar es Salaam ya miaka ya 1950 ilikuwa na vyama vingi vya ngoma vya wanawake, hasa vya lelemama, vyenye viongozi wao, michango yao na mashindano yao. Wengi wa wanachama walikuwa wanawake wa makamo, Waislamu, waliosoma kidogo au hawakusoma kabisa shule za serikali, wakijitafutia riziki kwa biashara ndogondogo kama kuuza vitumbua na maandazi. Chama cha siasa cha TANU kilipoundwa mwaka 1954 hakikuwa na tawi la wanawake. Mwaka uliofuata John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alitembelea Tanganyika, akauliza wanawake wa chama wako wapi. Viongozi wakamwendea Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma aliyezaliwa mwaka 1926. Bibi Titi alipita kwa viongozi wa vyama vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, na katika miezi michache maelfu ya wanawake wakawa na kadi za TANU.

Wepesi huo ulikuwa na sababu zake. Watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na siasa, kwa hiyo wanaume wengi waliosoma walihofia kazi zao. Wanawake wa lelemama hawakuwa na ajira ya serikali ya kupoteza, na mtandao wa ngoma ulikuwa umeshawafunza kukusanya watu, fedha na habari. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wengi wao na kuchapisha kitabu kuhusu wanawake wa TANU mwaka 1997, aliwakuta wakieleza walichokitaka kuwa ni uhuru wa nchi na heshima ya mtu. Imani ya chama kwamba binadamu wote ni sawa waliichukua kama ilivyo, pasipo kuuona usawa wao kuwa ni vita na waume zao.

Wazo hilo halikuwa geni kwa kiongozi wa chama. Julius Nyerere, akiwa mwanafunzi wa Makerere mwaka 1944, aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akiyapima maisha ya mwanamke wa Kizanaki kwa hoja za mwanafalsafa wa Kiingereza John Stuart Mill. Katika andiko lake la mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini alikiri kwamba jamii za jadi zilimweka mwanamke katika nafasi duni, na kwamba alifanya kazi kuliko mwanamume.

Baada ya uhuru, mwaka 1962, iliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT), Bibi Titi akiwa rais wake wa kwanza. Lucy Lameck wa Moshi, aliyesomea uuguzi kisha akasoma Chuo cha Ruskin kilichoko Oxford, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika nyadhifa serikalini. UWT ilikuwa jumuiya chini ya chama. Hilo liliipa njia ya kufikisha madai kwa watunga sheria, na wakati huohuo likaweka mpaka wa madai hayo.

Sheria ya Ndoa ya 1971

Nchi ilirithi mifumo kadhaa ya ndoa iliyokwenda sambamba: ya mila, ya Kiislamu, ya Kikristo, ya Kihindu na ya kiserikali. Haki za mke zilitegemea amefunga ndoa kwa mfumo upi. Mwaka 1969 serikali ilitoa waraka wa mapendekezo ya sheria moja kwa wote, ukifuata kwa sehemu kubwa kazi ya tume iliyoundwa Kenya. Kenya yenyewe, Bunge liliukataa muswada wa aina hiyo zaidi ya mara moja katika miaka ya 1970, na sheria ya kuunganisha ndoa ikapita mwaka 2014. Tanzania Bara Sheria ya Ndoa Na. 5 ya 1971 ilianza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo. Haikuhusu Zanzibar.

Sheria hiyo ilifafanua ndoa kuwa ni muungano wa hiari, hivyo ndoa ya kulazimishwa ikakosa uhalali. Ilimpa mwanamke aliyeolewa haki ya kupata, kumiliki na kuuza mali sawa na mwanamume. Ilikataza mmoja wa wanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na ilitamka kwamba hakuna kati yao mwenye haki ya kumpiga mwenziwe. Talaka ikawekewa sababu moja, kuvunjika kwa ndoa kiasi cha kutorekebishika, na kwa kawaida wanandoa wakatakiwa kupitia kwanza baraza la usuluhishi. Vifungu hivi vingi vimeandikwa kwa pande zote mbili: vinamlinda mume kama vinavyomlinda mke.

Vifungu vingine havikuwa hivyo. Mvulana aliruhusiwa kuoa akiwa na miaka 18 na msichana kuolewa akiwa na 15, na mahakama ingeweza kuruhusu hata miaka 14. Mume aliruhusiwa kuoa mke zaidi ya mmoja katika ndoa ya wake wengi, na mke wa kwanza akapewa haki ya kuweka pingamizi kwa sababu maalumu tu, kama vile kipato cha mume kutotosha familia mbili. Kwa upande wa pili, mume alibebeshwa wajibu wa kumtunza mke, ilhali mke analazimika kumtunza mume pale tu ambapo mume hajiwezi kwa maradhi na mke ana uwezo. Wanaodai kwamba sheria inampendelea mwanamke hukitaja kifungu hicho. Lakini asili yake ni desturi na dini zinazomfanya mume kuwa mlishaji wa nyumba, fikra ileile iliyompa pia mamlaka ya mkuu wa kaya.

Mipaka ya sheria hiyo ilionekana mwaka 1988. Sophia Kawawa, mwenyekiti wa UWT, alitoa matamshi ya kutaka taratibu za ndoa na mirathi za Kiislamu zitazamwe upya. Zanzibar kukazuka maandamano ya kupinga, polisi wakafyatua risasi, na watu wawili wakafa. Suala la usawa katika ndoa lilikuwa limegeuka suala la dini na la Muungano.

Mahakama na kipimo cha usawa

Sheria ya Ndoa iliagiza kwamba mali iliyochumwa wakati wa ndoa igawanywe kwa kutazama mchango wa kila upande wa fedha, mali au kazi. Haikusema kama kupika, kufua na kulea ni kazi ya aina hiyo, na kwa zaidi ya miaka kumi majaji walitofautiana. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Mwenye rufaa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mume zilifidia mchango wake. Kanuni iliyobaki haimpi mke nusu ya mali kwa kuwa ni mke. Inamtaka aonyeshe mchango, kama mume anavyotakiwa.

Eneo gumu zaidi lilikuwa mila. Mwaka 1963 serikali ilikusanya na kutangaza kanuni za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, kazi iliyoongozwa na Hans Cory. Lengo lilikuwa kuleta kanuni moja, lakini mila iliyokuwa ikibadilika na nyakati ikawa maandishi. Katika kanuni za urithi, mtoto wa kiume wa kwanza aliwekwa daraja la juu na mabinti daraja la chini. Mjane hakurithi ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Alitegemea kutunzwa na watoto wake. Binti angeweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini asiweze kuiuza.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo iliyofikishwa Mahakama Kuu ya Mwanza katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake aliliuza mwaka 1988 kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mwana wa ndugu yake akadai mauzo ni batili kwa kuwa muuzaji ni mwanamke. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988, na nchi ilikuwa imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1985. Februari 1990 Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba kanuni hiyo ni ya kibaguzi.

Sehemu ya pili ya hukumu hutajwa mara chache, ingawa ndiyo inayojibu swali la usawa moja kwa moja. Mwanamume wa Kihaya naye hakuwa huru kuuza ardhi ya ukoo atakavyo: akiuza bila ridhaa ya wenzake, mtu wa ukoo aliweza kuikomboa kwa kurudisha bei. Jaji aliamua kwamba wanawake wauze kwa masharti hayohayo, akampa mdai miezi sita alikomboe shamba kwa shilingi 300,000. Mwanamke alipata haki ya mwanamume pamoja na mipaka yake.

Ardhi na viti maalum

Miaka ya 1990, mfumo wa vyama vingi uliporudi, madai yalitoka mikononi mwa chama yakaingia katika asasi huru: TAMWA ya wanahabari wanawake iliyoanza 1987, TAWLA ya wanasheria wanawake na TGNP ya mtandao wa jinsia. Si zote zilizovumiliwa. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lililoongozwa na Anna Tibaijuka, lilisimamishwa mwaka 1996 na kufutiwa usajili mwaka uliofuata. Mahakama Kuu ililipa ushindi mwaka 2009, wakati nguvu zake zilikwisha kutawanyika.

Asasi nyingine ziliungana kushughulikia muswada wa ardhi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za 1999 zilitamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi ni sawa na ya mwanamume na kwa masharti yaleyale. Sheria ya vijiji iliongeza kwamba katika baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, watatu angalau wawe wanawake. Kwa hiyo haki ilielezwa kwa kipimo kimoja kwa wote, na uwakilishi ukawekewa kiwango cha chini kwa jinsi moja.

Njia hiyo ya pili imeenda mbali zaidi bungeni. Mwaka 1985 wanawake walitengewa viti 15. Baadaye kiwango kiliwekwa kwa asilimia: 15 mwaka 1995, 20 mwaka 2000 na 30 mwaka 2005. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 yaliongeza jinsia katika misingi ambayo mtu haruhusiwi kubaguliwa kwayo, na yakaeleza kwamba hatua za makusudi za kurekebisha matatizo ya jamii hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Wakosoaji wa viti maalum ni pamoja na wanaharakati wenyewe. Wenye viti hivyo huteuliwa kupitia vyama, hawana jimbo, na Katiba inataka Waziri Mkuu atoke miongoni mwa wabunge wa majimbo. Upande wa pili, Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kwa kiti maalum, akashinda jimbo la Makunduchi mwaka 2010, na mwaka 2021 akawa Rais.

Yaliyobaki

Mambo mawili ya mwaka 1963 na 1971 yalifika mahakamani katika karne hii. Wajane wawili walipinga kanuni za urithi za mila. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zinabagua lakini ikakataa kuzifuta. Walikwenda hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba Tanzania imekiuka mkataba huo.

Umri wa ndoa ulipingwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi. Mahakama Kuu ilimpa ushindi Julai 2016, serikali ikakata rufaa ikitetea tofauti ya miaka 15 na 18 kwa hoja za maumbile, mila na dini. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo na kuamuru umri uwe 18 kwa wote, na sheria irekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka huo ulipita bila Bunge kuirekebisha.

Katika historia hii, madai yaliyofikishwa mahakamani kwa niaba ya wanawake yameomba kipimo kilekile anachopimiwa mwanamume: bei ileile, masharti yaleyale, umri uleule. Tofauti zilizoandikwa kwa ajili ya wanawake pekee zina asili mbili. Nyingine, kama umri wa miaka 15 na wajibu wa matunzo, zilitokana na mila na dini, na zilikuwepo kabla ya harakati. Nyingine, kama viti maalum, ziliwekwa kuziba pengo, na uhalali wake unategemea kama pengo hilo linazibika. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inaonyesha kwamba swali hili lina upande wa mwanamume pia: mama mwajiriwa ana likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na baba ana siku tatu. Maadamu sheria inamhesabu baba kuwa mgeni katika malezi, mzigo wa nyumba unabaki kwa mama, na usawa wa kazini unabaki nusu kwa wote wawili.