Endeleza

Umeme ukikatika Bukavu, faili kubwa linalohamishwa kutoka seva ya nyumbani Ibanda kwenda nyingine Kadutu hukwama katikati. Umeme ukirudi, swali ni moja: tunaanza tena au tunaendeleza?

“Anza tena” ina utata. Wengine huielewa kuwa ni kurudi mwanzo, wengine kuwa ni kushika palipoachwa. Kwa anayelipia mtandao kwa megabaiti, tofauti hiyo ni fedha. Kwa kurudi mwanzo tunayo “anza upya”. Kwa kushika palipoachwa tunayo “endeleza”, kauli ya kutendesha ya “endelea”, kama “potea” inavyozaa “poteza”. Kazi haiendelei yenyewe; kuna anayeiendeleza.

Programu ya rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, inaonyesha maana hiyo vizuri. Kwa kawaida, uhamishaji ukikatizwa, hufuta kipande cha faili kilichokwisha kufika. Ukiiamuru kwa chaguo la --partial, hukihifadhi. Ukiiendesha tena, hulinganisha vipande vya pande zote mbili, kisha hutuma kile tu kinachokosekana. Huko ndiko kuendeleza.

Wanaotafsiri programu kwa Kiswahili, tafadhali, msitumie “anza tena” kwenye vitufe. Andikeni “anza upya” au “endeleza”, ili mtu ajue anachobonyeza kabla megabaiti zake hazijaisha.