Ngoma Kabla ya Nyundo: Historia ya Nyumba Zinazonadiwa kwa Deni la Kodi

Nawaomba viongozi wa vikundi wahakikishe kwamba kila mtu amekaa mahali anaposikia vizuri, na mwenye kalamu aishike, maana leo ziko tarehe chache za kuandika.

Jambo tutakalozungumza wakazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam walijua vema, kuanzia Mbagala na Tandika upande wa Temeke hadi Kawe na Tegeta upande wa Kinondoni. Gari lenye vipaza sauti hupita polepole mtaani likitangaza kwamba nyumba fulani, katika kiwanja namba fulani, itauzwa kwa mnada wa hadhara kwa sababu ya deni. Watu husimama kusikiliza. Wengine humhurumia mwenye nyumba. Wengine hupiga hesabu ya akiba zao kimya kimya.

Tuwachukue watu wawili wa mfano, tuwe nao mpaka mwisho wa somo. Wa kwanza ni fundi seremala, kijana mwenye mke na watoto wawili, aliyepanga chumba kimoja na kuweka akiba miaka mingi ili apate kwake. Wa pili ni bibi mjane. Nyumba anayokaa iliandikwa jina la marehemu mumewe, na mirathi haijafunguliwa. Karatasi za madai ya pango la ardhi zaja kwa jina la marehemu, naye huziweka kabatini, akidhani kwamba deni la marehemu limekufa pamoja naye. Siku ya mnada fundi na bibi watakutana uani, na kila mmoja ataamini kwamba haki iko upande wake. Je, haki iko wapi? Ili tujibu, hapana budi turudi nyuma kidogo.

Tuanze na Wadachi. Novemba 1895 Kaisari wa Ujerumani alitoa amri kwamba ardhi yote isiyokuwa na mwenyewe katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ni ardhi ya dola. Aliyedai kuwa na ardhi ilimpasa athibitishe. Mwenye karatasi alithibitisha kwa karatasi yake; lakini mwenyeji ambaye babu yake alipanda minazi ile alikuwa na minazi tu ya kuonyesha. Tangu hapo ardhi ikawa na mkubwa juu yake, ambaye ni serikali.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1897, ilitangazwa sheria ya kodi ya nyumba, ikaanza kutozwa mwaka 1898. Huko shamba kila nyumba ilitakiwa kulipa rupia 3 kwa mwaka. Sasa sikilizeni jambo hili kwa makini. Kibanda cha miti na udongo kijijini hakikuwa na bei. Hata kama mtoza kodi angekinadi, nani angekinunua? Basi asiyelipa hakunadiwa nyumba; alichukuliwa yeye mwenyewe akafanye kazi mpaka deni lake liishe. Wazee wetu walilima mashamba ya watu na kutengeneza barabara kwa ajili ya rupia zile, na uchungu wa kodi ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Lakini mjini, mtu alipokuwa na kiwanja kilichopimwa na hati yenye muhuri, kulikuwa na kitu cha kuuza. Kwa hiyo asiye na hati alikamatwa nguvu zake, na mwenye hati aliweza kukamatwa nyumba yake. Hati humlinda mwenye nyumba, na hati hiyohiyo ndiyo inayoifanya nyumba iweze kunadiwa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliingia. Mnada mkubwa wa majumba na mashamba katika nchi hii ulifanyika wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Hizo hazikuwa mali za wadaiwa wa kodi, bali mali za Wajerumani walioshindwa vita, zilizowekwa chini ya mwangalizi wa mali za adui kisha zikanadiwa. Wanunuzi wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi, maana wao walikuwa na fedha taslimu. Mwafrika alikuwa huru kwenda kutazama, lakini uhuru wa kupandisha bei bila fedha mfukoni ni uhuru mdogo sana. Hilo ni fundisho la kwanza kuhusu mnada: mlango wake uko wazi kwa wote, lakini si wote wanaoweza kuvuka kizingiti.

Mwaka 1923 ikatungwa Sheria ya Ardhi ya Tanganyika. Ardhi yote iliwekwa chini ya Gavana, na mtu alipewa haki ya kuitumia kwa muda, usiozidi miaka 99, kwa masharti na kwa kulipa pango kila mwaka. Mjini Dar es Salaam haki za muda mrefu zilikwenda zaidi kwa wenye mitaji, katika mitaa ya biashara. Kariakoo, ambako jina lake latokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Waafrika wengi walikalia viwanja kwa kulipia mwaka hadi mwaka. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ikajenga nyumba za wafanyakazi huko Ilala, Temeke na Magomeni, na mji ukaanza kunyooshea mikono yake shamba.

Wakati huo mjadala mkubwa ulizuka. Serikali ya kikoloni ilipendekeza kwamba Waafrika waruhusiwe kumiliki ardhi moja kwa moja, kuiuza na kuiweka rehani. Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa kupinga pendekezo hilo. Hofu yake ilikuwa kwamba katika nchi maskini, ardhi ikigeuzwa bidhaa ya sokoni, wachache wenye fedha wataimaliza yote na wengine watakuwa wapangaji katika nchi yao. Baada ya Uhuru hoja hiyo ikawa sheria. Mwaka 1963 ardhi zilizokuwa za milele zikageuzwa kuwa za kukodi kwa serikali kwa miaka 99. Mwaka 1969 nazo zikageuzwa kuwa haki za kukalia ardhi, zenye masharti yanayofanana na ya wengine.

Kwa nini nawaeleza hayo katika somo la mnada? Kwa sababu fundi wetu seremala anadhani kwamba nyundo ikigonga atakuwa amenunua ardhi. Sivyo. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Fundi atanunua jengo pamoja na haki ya kukalia kiwanja kwa miaka iliyosalia katika hati, na masharti yote yaliyomo, likiwemo la kulipa pango. Akinunua leo na kuzembea kesho, gari la vipaza sauti laweza kurudi kwa ajili yake.

Sasa tuitazame kodi yenyewe, maana hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Liko pango la ardhi, ambalo hulipwa kwa ajili ya kiwanja chenye hati. Na iko kodi ya majengo, ambayo hulipwa kwa ajili ya nyumba iliyosimama juu yake. Hii ya pili imehama mikono mara nyingi. Katika miaka ya 1970 halmashauri za miji zilivunjwa, zikafufuliwa kwa sheria ya mwaka 1978, na mwaka 1983 ikatungwa sheria ya kuzipa halmashauri hizo uwezo wa kutoza kodi ya majengo. Mwaka 2008 Mamlaka ya Mapato ikaanza kuikusanya Dar es Salaam kwa niaba ya manispaa. Mwaka 2014 kazi ikarudi manispaa. Mwaka 2016 ikarudi tena kwa Mamlaka ya Mapato. Tangu Agosti 2021 ikaanza kukatwa katika umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa shilingi 1,500. Lakini pango la ardhi halimo katika LUKU. Kuna watu wanaosema, "Mimi nakatwa kila mwezi," ilhali deni la kiwanja lazidi kukua mwaka hadi mwaka. Na kwa kuwa ofisi zimebadilishana daftari, stakabadhi ya zamani ni shahidi wako. Usiitupe.

Pango lisipolipwa, mwenye kiwanja hupelekewa madai. Akinyamaza, aweza kufikishwa mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na baraza likitoa hukumu, dalali aweza kuamriwa kukamata mali na kuiuza. Angalieni kwamba kabla ya mnada ziko hatua, na kila hatua ni mlango wa kutokea. Aliyeitwa na kwenda aweza kueleza shida yake na kuomba alipe kidogo kidogo. Aliyeitwa na kukaa kimya huuzwa kimya kimya.

Neno mnada latokana na kunadi, yaani kuita kwa sauti. Mnada usiotangazwa si mnada, ni biashara ya chumbani. Sheria ya madalali tuliyoirithi kutoka zama za Waingereza yalijua jambo hilo. Inataka ardhi isinadiwe kabla ya kupita siku 14 tangu tangazo kutolewa katika mji mkuu wa wilaya na mahali pa mauzo. Tena inataka tangazo liwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, litaje jina la mwenye mali na mahali anapokaa, na lisiwe la maandishi peke yake, bali pia kwa kupigwa ngoma au njia nyingine inayoeleweka na watu wasiosoma. Ngoma, ndugu zangu! Walioandika sheria walitambua kwamba asiyejua kusoma naye ana haki ya kujua kwamba nyumba yake inauzwa. Gari la vipaza sauti ndilo mjukuu wa ngoma ile.

Haya, siku ya mnada imefika, na nyundo imegonga kwa bei ya fundi wetu. Je, nyumba ni yake? Bado. Katika mnada wa amri ya mahakama, Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966 inamtaka mnunuzi alipe robo ya bei papo hapo, na robo tatu zilizobaki zisipite siku ya 15. Akishindwa, mali hunadiwa upya, naye aweza kuipoteza ile robo. Kisha mwenye nyumba ana nafasi ya kulalamika ikiwa utaratibu ulivunjwa naye akaumia kwa sababu hiyo. Malalamiko yasipokuwapo, au yakikataliwa, ndipo mahakama huthibitisha mauzo na kumpa mnunuzi cheti, nacho cheti hupelekwa kwa Msajili wa Hati. Anayekwenda mnadani na fedha za robo tu, akitumaini kukopa zilizobaki, anaicheza akiba ya watoto wake.

Kwa hiyo kabla ya kupandisha bei, fundi na afanye mambo manne. Aende ofisi ya ardhi kupekua hati: jina la nani limo, miaka mingapi imesalia, na kama iko rehani au zuio. Aione amri yenyewe ya baraza au mahakama, asitosheke na karatasi ya dalali. Ahesabu siku za tangazo. Na awaulize majirani na ofisi ya serikali ya mtaa ni nani anayekaa ndani. Nyumba rahisi yenye kesi ndefu ni nyumba ghali.

Na bibi yetu? Kwake liko neno moja kubwa: deni la kiwanja halimfuati marehemu kaburini, hubaki na kiwanja. Familia na ikae kikao, imchague msimamizi wa mirathi, aende mahakamani athibitishwe, kisha jina katika hati libadilishwe. Madai yatakuja kwa mtu aliye hai, mwenye uwezo wa kujibu. Na zile karatasi za kabatini asomewe leo, na mjukuu wake anayejua kusoma. Sheria ilimpigia ngoma bibi asiyesoma; sisi tulio karibu naye ndio tunaopaswa kumwambia ngoma yasema nini.

Wazee wetu walilipia rupia 3 kwa jasho kwa sababu hawakuwa na hati ya kukamatwa. Sisi tumepata hati, nayo ni hatua njema. Lakini hati ni ahadi ya pande mbili: serikali imeahidi kutukinga, nasi tumeahidi kulipa. Serikali haina ruhusa ya kuuza bila kutuita, na sisi hatuna ruhusa ya kuitwa tukanyamaza. Fundi akikagua kabla ya kununua, na bibi akijibu anapoitwa, huenda wasikutane kamwe katika ua ule, nalo ni jambo la heri kwa wote wawili.

Muda wetu umekwisha.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Kwa nini mtoza kodi wa mwaka 1898 alimchukua mtu kazini badala ya kunadi nyumba yake?
2. Eleza tofauti ya pango la ardhi na kodi ya majengo. Katika nyumba yako, nani hulipa kila moja?
3. Mnunuzi katika mnada wa nyumba hupata kitu gani hasa, na lini huwa chake kwa yakini?
4. Je, katika mtaa wenu ziko nyumba ambazo hati zake zingali na majina ya marehemu? Kikundi chaweza kuzisaidiaje familia hizo?