Chozi wa Kombani

Pale Kombani, njia ya Kwale inapoachana na ile iendayo Ukunda na Msambweni, chozi huonekana karibu kila penye maua, mgombani na hata juu minazini. Ni ndege mdogo mno, mdomo wake umepinda mfano wa mundu, na dume la aina nyingi hung'aa kama madini limulikwapo na jua. Wageni wa ng'ambo wamwonapo hudhani ni kolibri, yule ndege wa Amerika avumaye mbawa mbele ya ua. Kumbe sivyo.

Wataalamu wa kale nao walitatizika. Mwaka 1766 Linnaeus, Mswidi, aliwatia chozi katika kundi la ndege wa Ulaya wapandao magome ya miti. Hata mwaka 1825 ndipo Vigors alipowapa jamaa yao wenyewe. Mimi naona kosa la Linnaeus lilikuwa dogo, kwani sura ya ndege hudanganya sana. Chozi yu karibu na shomoro kwa nasaba, na kolibri yu karibu na teleka, wale warukao mbio angani. Bega la kolibri humwezesha kusimama hewani huku akinywa. Chozi hupenda kutua kitawini kwanza. Akikuta ua lenye shingo ndefu, mara nyingine hulitoboa ubavuni akafyonza asali bila kugusa chavua, mfano wa mgeni alaye karamu akatokea dirishani. Makinda hawalishi asali tu, bali huwaletea wadudu na buibui. Na utando wa buibui ndio uzi ambao jike hushonea kiota chake kining'iniacho.

Jambo la ajabu ni kwamba mwaka 2004 Gerald Mayr alieleza mifupa iliyochimbwa Ujerumani, yenye umri wa miaka ipatayo milioni 30, nayo ni ya ndege wa ukoo wa kolibri. Basi kolibri waliwahi kukaa upande huu wa dunia, wakatoweka. Leo kazi yao huku hufanywa na chozi, ambao hawakurithi mdomo huo kwao: kila ukoo uliupata peke yake, kwa kufuata maua.

Chozi wa mgombani hana shida ya makao. Wako wenziwe wasioweza kuishi hivyo. Chozi wa Amani, aliyepewa jina la kitaalamu na Sclater na Moreau mwaka 1935, hukaa vileleni mwa mirihi katika msitu wa Arabuko-Sokoke, na katika misitu michache ya Tanzania. Shimba, juu ya Kombani, yuko chozi wa Uluguru, mwenye mgongo wa zambarau. Shimba ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na tangu mwaka 1992 kaya za Wamijikenda zimelindwa kwa sheria ya serikali. Wazee walikuwa wamekwisha kuzikataza shoka zamani, kwa sababu zao wenyewe, na chozi wakasalimika humo. Mrihi ukikatwa, mgomba haumfai chozi wa Amani.