Je, mashine zitawapokonya kazi wahudumu wa mifugo?

MWAKA 2013, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Carl Benedikt Frey na Michael Osborne, walichunguza aina 702 za kazi nchini Marekani ili kukadiria ni zipi zingeweza kutwaliwa na kompyuta na roboti. Walikisia kwamba asilimia 47 ya ajira nchini humo zilikuwa katika hatari kubwa. Madaktari wa mifugo waliwekwa miongoni mwa walio salama. Wasaidizi wao, yaani wale wanaowashika wanyama, kuwalisha, kusafisha vizimba na kupeleka sampuli maabarani, walitiwa katika kundi la walio hatarini.

Makadirio hayo yanamhusu pia mzazi wa Kenya anayetafuta karo ya kumpeleka mwanawe katika vyuo vya afya ya mifugo vya AHITI, viwe vya Kabete, Nyahururu au Ndomba. Je, anagharimia kazi itakayokufa?

Si porojo kwamba mashine zimeingia zizini. Roboti za kukamua zilianza kutumika katika mashamba ya Uholanzi mwaka 1992. Ng'ombe huingia mwenyewe kizimbani akivutiwa na chakula. Mashine humtambua kwa kifaa alichovishwa shingoni, huzitafuta chuchu kwa miali ya leza, huziosha na kuzivisha vikombe vya kukamulia. Maziwa yanapotiririka, hupimwa jinsi yanavyopitisha umeme, kwa kuwa maziwa ya kiwele kilichoambukizwa huwa na chumvi zaidi na hupitisha umeme kwa wepesi. Roboti moja huweza kuhudumia ng'ombe wapatao 60.

Vifaa vya shingoni navyo hupima mwendo na kucheua. Ng'ombe anayezungukazunguka kupita kawaida yake huenda yu tayari kupandwa. Aliyepunguza kucheua huenda anaugua. Maabarani, mashine huhesabu chembe za damu kwa dakika chache, kazi ambayo zamani ilimwinamisha msaidizi juu ya hadubini kwa muda mrefu.

Ukizitazama kazi hizi utaona kuwa zote ni za kuhesabu, kupima na kukesha. Mashine haisinzii, na katika hayo binadamu hana budi kushindwa.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya maziwa ya Kenya hutoka kwa wakulima wadogo. Roboti inayohitaji ng'ombe 60 ili irudishe gharama yake haina mahali katika boma la ng'ombe wawili kule Kiambu au Nyandarua. Kilichowafikia wakulima hawa ni simu. Mathalan, huduma ya iCow, iliyoanzishwa na Su Kahumbu mwaka 2011, iliwatumia wakulima ujumbe mfupi wa kuwakumbusha hatua za uzazi wa ng'ombe wao. Na mkulima akishakumbushwa, humpigia nani? Humpigia mhimilishaji.

Kazi ya mhimilishaji yafaa kutazamwa kwa makini, maana ndiyo inayoonyesha mipaka ya mashine. Mbegu huhifadhiwa katika mtungi wa naitrojeni ya kioevu, penye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mhudumu huitoa na kuiyeyusha katika maji ya vuguvugu. Kisha huingiza mkono mmoja katika njia ya haja kubwa ya ng'ombe, akaushika mlango wa kizazi kupitia ukuta wa utumbo, huku mkono wa pili ukiusukuma mrija taratibu. Haoni chochote; vidole ndivyo macho yake. Ng'ombe naye hasimami kama meza. Hupiga teke, hujinyonga, hukataa.

Kabla ya hayo, sharti mhudumu amhoji mwenyewe. Ng'ombe alianza kulia lini? Ute ulionekana asubuhi au jana jioni? Kwa kawaida aliyeonyesha dalili asubuhi huhimilishwa jioni, na jibu lisilo sahihi humgharimu mkulima takriban siku 21 za kungoja tena.

Ndivyo ilivyo pia kwa ndigana kali. Mhudumu hupima joto la ndama, hupapasa tezi zilizo chini ya masikio, husikiliza pumzi na kufunua manyoya akitafuta kupe. Kifaa cha shingoni kinaweza kutangaza kwamba ndama amedhoofika. Hakiwezi kumwangusha na kumshika ili adungwe sindano.

Ushahidi mkubwa zaidi ni wa sotoka, maradhi yaliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Virusi vyake vilithibitishwa kwa mara ya mwisho mwaka 2001, katika nyati wa Mbuga ya Meru humu nchini. Wanasayansi walitengeneza chanjo iliyostahimili joto, lakini katika malisho ya mbali ya Pembe ya Afrika na Sudan iliyofikishwa huko ilibebwa na wahudumu wa jamii, waliojua lugha ya wafugaji na njia za malisho. Chanjo yaweza kubebwa hata na ndege isiyo na rubani. Kumshawishi mzee aruhusu mifugo yake yote idungwe ni jambo jingine.

Wapo pia wanyama wasiokamuliwa. Katika kituo cha Sheldrick, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, watoto yatima wa tembo hunyweshwa maziwa kwa chupa kila baada ya saa tatu, na walezi hulala nao bandani. Chupa yaweza kushikwa na mashine. Lakini mtoto wa tembo asiye na wa kumwegemea huzorota hata akishiba.

Tishio lililo karibu zaidi na wahudumu wa Kenya ni la ajira yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali iliacha kumwajiri kila daktari wa mifugo aliyehitimu, uhimilishaji ukaachiwa watu binafsi, na mwaka 2013 huduma za mifugo zikakabidhiwa kaunti. Sheria ya mwaka 2011 inawataka madaktari na wahudumu wasajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Lakini palipo mbali na aliyesajiliwa, mkulima huenda dukani, akaeleza dalili juu ya kaunta, akanunua dawa ya viini na kumdunga ng'ombe mwenyewe. Dozi ikipungua, viini hujenga usugu. Asipongoja siku zinazotakiwa, dawa huingia katika maziwa yanayouzwa.

Kwa hiyo mzazi yule na aulize kama kaunti yake inaajiri, na ikiwa haiajiri, itagharimu kiasi gani kumnunulia kijana pikipiki na mtungi wa naitrojeni ili aanze mwenyewe.